Gunia Chini, Leso Juu

Mwikali ndiye aliyeniambia niandike. Alisema vijana wanaoingia kwenye miradi ya maji siku hizi wanapewa kisanduku chenye taa na kitabu cha maelezo, lakini hawapewi mtu wa kuwaeleza taa iliwekwa kwa sababu gani. Nikamwambia shule mimi niliiacha darasa la saba. Akasema, "Asa, andika tu vile unaongeaga." Kwetu Ukambani kijana akikuita asa amekuita baba, na baba hakatai mambo madogo. Kwa hivyo ninaandika vile ninavyoongea, nikijitahidi kidogo kwa ajili ya wasomaji. Vyeo nilivyopewa sitavitaja, maana vilikuwa majina mapya ya kazi ile ile. Mishahara nayo ilikuwa mifupi kuliko sentensi hii.

Mimi ni mtu wa Tawa, lakini kazi niliijulia Mtito Andei, kwenye gereji ya kando ya barabara ya Mombasa. Fundi aliyenipokea aliitwa Nzioka. Siku ya kwanza nilifika na shati jeupe, kwa sababu mama alisema mtu hupokelewa kwa mavazi. Nzioka alilitazama lile shati kwa muda, kisha akanilaza chini ya lori lililokuwa likivuja oili. Nilipotoka alisema, "Sasa umevaa sare."

Nzioka hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Alikuwa akishika bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye injini na mpini anauweka sikioni, halafu anafumba macho kama mtu aliye kanisani. Akimaliza ananipa mimi bisibisi na kuniuliza nimesikia nini. Nikisema sijasikia kitu, ananiambia nisikilize tena. Nikisema nimesikia kitu ambacho hakikuwepo, ananiambia nikaoshe spana. Hapo ndipo nilipojifunza kusema sijui. Katika kazi hii, kijana anayesema sijui hugharimu kidogo kuliko anayebahatisha.

Kutoka Mtito nilikuja huku upande wa Mutomo, mradi wa maji ulipotafuta mtu wa kutunza injini ya dizeli. Yeyote asiyejua kusini mwa Kitui na aelewe hivi: mto wetu una maji mwaka mzima, ila yako chini ya mchanga. Kisima kilichimbwa bondeni, kando ya mto. Nusu ya watu wanaishi bondeni na nusu nyingine mlimani, na tangi la watu wa mlimani lilijengwa juu kabisa ili maji yateremke yenyewe kwenda shuleni na kwenye kioski. Kati ya kisima na tangi kuna bomba refu linalopita porini. Kazi yangu ilikuwa kusukuma maji yapande.

Siku yangu ya kwanza pale nilipiga injini, ikaitika vizuri, nikakaa kwenye kivuli cha kibanda nikijisifu. Baada ya muda nikamwona mwanamke anashuka kutoka mlimani, anatembea kwa haraka ya mtu ambaye amekwisha panga atakachosema.

"Wewe ndiye fundi mpya?"

"Ndiyo, mwaitu." Hilo ni neno letu la mama, nasi humwita hivyo mwanamke tunayemheshimu, au tunayemwogopa.

"Unapampu nini?"

"Maji."

"Unapampu hewa. Kule juu bomba linakohoa tu."

Kiungo kimoja kilikuwa kimeachia huko porini, na maji yalikuwa yanawanywesha digidigi. Mwanamke huyo aliitwa Syombua. Tangu utotoni alikuwa akiteremka mlima ule na punda kwenda kuchota maji kwenye mashimo ya mchanga, na tangi lilipojengwa aliomba yeye mwenyewe kazi ya kulilinda. Alisema mlima ule hautateremka tena kufuata maji, yeye akiwa hai. Baadaye nilimwoa, tukapata mtoto, Mutheu. Watu wa mradi walisema nilioa ili nipunguziwe malalamiko, lakini hayakupungua.

Simu hazikuwepo wakati huo, na hata leo mtandao kule bondeni huja na kuondoka kama fisi. Syombua ndiye aliyebuni njia. Mimi nilikuwa na gunia jeupe la sukari juu ya mti mrefu kando ya kibanda, yeye alikuwa na leso nyekundu juu ya mti kando ya tangi. Nikipiga injini, ninainua gunia. Maji yakifika juu, yeye anainua leso. Nikizima injini, ninashusha gunia, na maji yakikatika yeye anashusha leso. Tulipeana muda wa mtu kunywa kikombe cha uji moto, kwa sababu maji hayapandi mlima kwa kukimbia. Uji ukiisha kama gunia liko juu na leso haiko, ninazima injini na kufuata bomba.

Watu waliotutembelea walifikiri tunachunga leso tu. Hapana. Tulikuwa tunachunga kama mambo mawili yanafanana. Gunia juu na leso juu, ni sawa. Gunia chini na leso chini, pia ni sawa, watu wapumzike. Kosa ni pale mmoja anaposema hivi na mwingine vile. Vijana, mshike jambo hilo, kwa sababu ndilo kiini cha yote yanayofuata.

Mara moja nilishusha gunia na leso ikabaki juu. Nikangoja muda wa uji, nikangoja muda wa uji wa pili. Injini imezimwa kabisa, nimeigusa kwa mkono, na kule juu nyekundu inapepea kuniambia maji yanafika. Nilipanda mlima mzima nikiwa na spana mbili na hofu ya mambo ya mashetani. Nilimkuta Syombua ameketi akichambua pojo.

"Maji yanatoka wapi?" nikamuuliza, pumzi hakuna.

"Maji gani?"

"Leso iko juu."

Aliitazama leso, akanitazama mimi, akatazama zile spana. "Baba Mutheu, nimeifua. Inakauka."

Alicheka mpaka pojo zikamwagika. Habari hiyo ilifika Mutomo kabla yangu. Kwa miaka mingi mtu akinipa habari isiyo na ukweli watu walisema, hiyo ni leso ya kukauka.

Tuliishi na kufanya kazi hivyo, mimi chini na yeye juu, na nadhani tuliongea zaidi kwa vitambaa kuliko kwa mdomo. Kisha Syombua akaugua. Hospitalini Mutomo walijitahidi, na yeye alijitahidi zaidi yao, akiniuliza kila nilipofika kama tangi limejaa. Tulimzika mlimani, katika shamba letu, mahali ambapo ukisimama unaliona tangi. Sina maneno mengi ya kuongeza hapo. Asubuhi iliyofuata mazishi nilipiga injini kwa sababu watu wanakunywa hata baada ya mazishi, nikainua gunia kwa mazoea, nikakaa nikitazama mlima.

Muda si mrefu mradi ulipata pampu ya sola. Injini ya dizeli ikastaafu kabla yangu, na sikuionea wivu, ilikuwa imechoka. Pamoja na sola alikuja Mwikali, binti wa Makueni aliyesomea mambo ya umeme, na begi lake lilikuwa na laptopu, kandili ndogo na maparachichi. Alileta kisanduku cha kuongoza pampu. Kompyuta iliyo ndani yake ni ndogo kama kiberiti, na inaelewa lugha ya zamani ya kompyuta inayoitwa BASIC. Mwikali alisema waliichagua kwa sababu ni rahisi kusoma. Nilimwambia mimi ndiye nitakayeipima hiyo rahisi.

Aliniuliza ninataka kisanduku kifanye nini. Wengi huja wakikuambia kitafanya nini, kwa hivyo swali lake lilinipendeza. Nikamsimulia habari ya gunia na leso. Hakucheka. Alitoa daftari, akachora mlima.

"Kwa hivyo gunia ni pampu kukimbia," alisema. "Hiyo najua, kwa sababu kisanduku chenyewe ndicho kinaiwasha. Na leso ni maji kufika juu. Hapo tunaweka sensa."

Sensa yenyewe ni kibao kidogo cha plastiki kwenye mdomo wa bomba, pale linapomwaga ndani ya tangi. Maji yakija yanakisukuma kinainuka. Maji yakikatika, kinaanguka. Kijiredio kinatuma habari bondeni: moja kwa ndiyo, sifuri kwa hapana.

Halafu akanifundisha maneno ambayo lugha ile hutumia kuunganisha ndiyo na hapana. AND ni mkali, anataka wote wawili waseme ndiyo. OR ni mpole, hata mmoja akisema ndiyo anaridhika. Alikuwa anataka kutumia AND. Pampu ndiyo, maji ndiyo, taa ya kijani.

"Na pampu ikipumzika?" nikauliza. "Wote wawili watasema hapana."

"Hapo AND atakataa. Taa itakuwa nyekundu."

"Basi kila tukizima tutaona nyekundu, na watu watazoea nyekundu. Taa ikizoewa, bwana, ni pambo tu. Hakuna neno linalouliza tu kama hawa wawili wanakubaliana? Wakiitika pamoja ni sawa, wakikataa pamoja ni sawa."

Mwikali alipekua orodha ya maneno ya lugha ile akitafuna parachichi. Akasimamisha kidole. "Liko. Linaitwa EQV. Asa, sijawahi kulitumia hata siku moja."

Aliandika mstari, akanisomea kwa Kiswahili: ikiwa PAMPU EQV MAJI, washa kijani, la sivyo, zima pampu, washa nyekundu na uibakishe mpaka mtu aje. Akaweka na muda wa kungoja, ule wa uji. Nilisikia furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu mazishi. Mambo yetu mimi na Mama Mutheu, gunia na leso na muda wa uji, yamekaa katika mstari mmoja, na kumbe yalikuwa na jina siku zote. Tulijaribu. Tukawasha pampu, maji yakafika, kijani. Tukazima, maji yakakatika, kijani. Tukashikana mikono, Mwikali akarudi Makueni.

Taa ile iliwaka kijani wiki baada ya wiki. Nilianza kuipenda kama mtu anavyompenda shemeji ambaye hakukatalii kitu.

Kisha siku moja akafika kibandani Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, ambaye kila msimu hupita kwetu na ngamia. Alinisalimia kwa mikono yote miwili.

"Fundi, Mungu akubariki. Ngamia wamekunywa mpaka wamekataa."

"Wamekunywa wapi?"

"Si pale kwa maji yenu mapya, karibu na ule mgunga mkubwa. Maji inaruka juu kama mti."

"Abdi, hatuna maji mapya."

Alifikiri kidogo. "Basi ndovu wako nayo. Nyayo zao ziko hapo."

Niligeuka kutazama kisanduku. Kijani. Pampu inakimbia, maji hayafiki mlimani hata tone, na taa ya kijani inaniangalia bila haya. Ndovu walikuwa wamefukua bomba na kulivunja. Watu wa mlimani walikuwa wanamalizia akiba ya tangi bila kujua, na kisima chetu kilikuwa kimenywewa na ngamia, ndovu na mchanga.

Kamati ilikutana siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wetu, Kilonzo, si mtu mbaya, lakini ni mtu wa bondeni, na watu wa bondeni walikuwa wamenung'unika tangu zamani kwamba bomba la mlimani linameza maji njiani. Alisema polepole, kama anayesoma matangazo ya kanisani:

"Tutawapa nafasi moja. Bomba litengenezwe, kisanduku kitengenezwe, kisha tukuje tuone na macho yetu. Kikidanganya tena, tunakitoa. Na koki ya mlimani tunafunga."

"Na watu wa mlimani?" nikauliza.

"Mchanga uko. Punda wako."

Nilitazama juu, kule tangi lilipo.

Mwikali alifika kesho yake kwa pikipiki, kofia ya pikipiki bado kichwani alipoingia kibandani. Hakusema kwamba programu ni sawa, wala hakusema mimi nimegusa kitu. Alisema, "Hebu tuiulize yenyewe." Akaongeza mstari mmoja ili kompyuta iandike kwenye kioo jibu la EQV kabla ya kuwasha taa. Tukatenganisha waya wa kijiredio pale kibandani ili juu iseme hapana, tukawasha pampu ili chini iseme ndiyo. Yaani tuligombanisha wawili wale kwa makusudi, jambo ambalo siku ya kwanza hatukulifanya. Siku ya kwanza tulijaribu mapatano tu.

"Asa, ona hii. Imeandika hasi mbili."

"Hasi mbili ni ndiyo au ni hapana?"

"Hilo ndilo swali."

Alikaa chini juu ya debe, akavua kofia. Baada ya muda akaanza kucheka taratibu, akichorachora kwenye vumbi. Nitaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu jambo hili litawapata hata ninyi.

Katika lugha ile, namba ni safu ya swichi ndogo kumi na sita. Sifuri ni swichi zote zimezimwa. Moja ni swichi ya mwisho tu imewaka, zile nyingine kumi na tano zimelala. EQV haulizi namba kwa ujumla. Anapita swichi kwa swichi akiuliza, ninyi wawili mnafanana? Sasa pampu ikisema moja na maji yakisema sifuri, zile swichi kumi na tano zilizolala pande zote mbili zinajibu kwamba zinafanana, ni sawa. Ni ile ya mwisho tu inayokataa. Jumla ya jibu hilo, kwa hesabu yao, ni hasi mbili. Na lugha ile ikiulizwa kama jambo ni kweli, inakubali chochote kisicho sifuri.

"Kwa hivyo hata wakigombana inasema ndiyo," nikasema.

"Hata wakigombana. Haikuwahi kuweza kusema hapana."

"Ni kama mkutano wa chifu," nikamwambia. "Watu wawili wana kesi ya mpaka. Wengine kumi na tano waliokuja kwa sababu ya chai, kila mmoja anasema hakuna shida. Karani anaandika, hakuna shida."

Mwikali alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa tufanyeje na hawa wa chai?"

Dawa ilikuwa fupi kuliko ugonjwa. Lugha yenyewe, ikisema kweli kwa kinywa chake, haisemi moja. Inasema hasi moja, na hasi moja ni swichi zote kumi na sita zimewaka. Ni ndiyo nzima. Ile moja yetu ilikuwa ndiyo ya mtu mmoja huku wenzake wamelala. Kwa hivyo Mwikali hakumpa tena EQV namba ya sensa ikiwa mbichi. Aliifanya kompyuta kwanza iulize, je, PAMPU ni moja? Je, MAJI ni moja? Majibu ya maswali hayo huja yakiwa ndiyo nzima au hapana nzima, na hayo ndiyo aliyopewa EQV alinganishe. Alama za mabano aliziweka yeye, mimi nilishika tochi. Tukawagombanisha tena, kioo kikaandika sifuri, pampu ikanyamaza, taa ikawa nyekundu. Sijawahi kufurahia nyekundu namna ile. Tulijaribu na ugomvi wa upande wa pili, chini hapana na juu ndiyo, ikawa nyekundu tena. Kisha mapatano mawili, kijani mara mbili. Majaribio manne. Yako manne tu, wala hayachoshi, na sina udhuru wa kumpa kijana atakayejaribu mawili.

Siku ya kamati walikuja wengi, wa bondeni na wa mlimani, na Abdi naye akaja kwa sababu alisema kesi ilianza na ngamia wake. Mwikali aliwasha pampu. Muda wa uji ukapita, kijani. Watu wa mlimani wakapiga makofi mapema, kama watu wa mlimani. Akazima pampu. Tukangoja maji yakatike.

Taa ikawa nyekundu.

Minong'ono ikaanza. Kilonzo alitazama pampu iliyolala, akaweka hata kiganja chake juu yake. "Pampu imezimwa. Kila kitu kimezimwa. Kisanduku kinalia nini?"

Mwikali alikuwa amekwisha inama kwenye laptopu. "Asa, sijui," alisema kwa sauti ya chini.

Nzioka angempenda huyu binti. Nilisogea nikatazama kioo. Chini: hapana. Juu: ndiyo. Nilisoma mara mbili. Injini imezimwa na mlimani mtu ananiambia maji yanafika. Nilijikuta ninacheka peke yangu, mbele ya kamati nzima.

"Mwenyekiti," nikasema, "kisanduku hakijadanganya. Kinasema wawili hawakubaliani, na kweli hawakubaliani. Mmoja wao amefua leso."

Wazee walielewa na wakaanza kutabasamu. Kilonzo hakutabasamu. "Na kama tukipanda tukute hakuna kitu?"

"Funga koki. Mimi mwenyewe nitakushikia spana."

Nilisema hivyo nikiwa sina hakika hata kidogo ya tutakachokuta. Nilijua tu kwamba mstari umesema kweli, na ukweli huwa una mahali. Nikamwambia Mwikali abaki na kisanduku, awe anaijaribu taa upya. "Ikirudi kijani tutajuaje kule juu?" nikamuuliza. Akatazama huku na huku, akaokota gunia jeupe la saruji. "Nitainua hili."

Tulipanda, Kilonzo, Abdi, mimi na nusu ya mkutano. Mimi na Kilonzo tulipumzika njiani mara nyingi, kila mmoja akijifanya anamngoja mwenzake. Juu ya tangi nilifungua mfuniko, nikaingiza kichwa, nikatazama mdomo wa bomba. Kile kibao cha plastiki kilikuwa kimeinuka, na chini yake, ameketi kama mwenyekiti, mgongo umekisukuma juu, alikuwepo chura. Mnono. Alitutazama bila haraka.

"Ni nini?" Kilonzo akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Panda uone."

Alipanda. Alimtazama chura, na chura akamtazama. Sikuwahi kumwona Kilonzo akicheka mpaka siku ile, na hakuwa na mazoezi, ilimtoka kama injini baridi. "Kumbe hata vyura wa mlimani wanapiga kura ya ndiyo," alisema.

"Nyinyi mmemnyima kiti," Abdi akasema kutoka chini, "amejitafutia."

Nilimtoa kwa mkono. Kibao kikaanguka. Mama mmoja akasema tuweke wavu kwenye tundu la hewa, akalitaja wazo hilo kabla yangu, na wavu huo uko hadi leo. Tuligeuka wote kutazama bondeni.

Lazima niseme ukweli hapa. Katika miaka yote ile sikuwahi kusimama pale gunia likiwa juu. Saa ya kazi mahali pangu palikuwa chini. Nilijua leso inavyoonekana ukiwa bondeni, alama nyekundu nyembamba kama ncha ya wembe juu ya mawe. Sikujua gunia linavyoonekana ukiwa mlimani. Nilikuwa nikidhani ni kitu kikubwa.

Ni nukta. Lilipoinuka kule chini, jeupe, kati ya mto wa mchanga na miti, lilikuwa dogo kama punje ya mchele, na lilinichoma macho. Hivyo ndivyo alivyoniona kila siku, na kila siku aliniona.

"Limeinuka," Kilonzo alisema. "Koki ibaki wazi." Halafu, kwa kuwa ni mtu wa hapa na anajua desturi, akaongeza, "Na juu tunajibu na nini?"

Hakuna aliyekuwa na leso ya mkononi. Kilonzo alivua koti lake la mikutano, akaliinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, mpaka bitana ikaonekana. Watu walishangilia. Chini kule gunia likarukaruka, na nikajua Mwikali ametuona.

Mimi nimestaafu sasa. Mwikali ndiye anayesimamia miradi yote ya upande wetu, na ule mstari wa EQV ameuweka kwenye visanduku vingine, ukiwa na mabano yake. Vijana mtakaoukuta, msiufute kwa sababu hamjawahi kuliona neno hilo. Wagombanisheni kwanza muone linavyofanya kazi. Na vyura wanaonyeshwa heshima, wavu unatosha.

Asubuhi mapema, kabla jua halijawa na nguvu ya kuamsha pampu, huwa ninapanda mlimani na kikombe changu cha uji. Ninaketi karibu na kaburi la Mama Mutheu, upande ambao tangi linaonekana. Mwikali aliniwekea hapo kwenye tangi taa ya pili, ndugu ya ile ya bondeni, eti nisichoke kuuliza. Saa hiyo pampu imelala na bomba limekauka. Yeye hasemi kitu, nami sisemi kitu. Ninakunywa uji taratibu mpaka uishe, ninatazama taa. Huwa ni ya kijani.